Matundu Yasiyonyweshwa

Mimi na Verlon Tibbetts hatupendani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Yeye ni seremala, mimi ni fundi wa rangi, na katika mji wetu wa Hadlock, kule pwani ya Maine, hilo peke yake lingetosha. Seremala anapiga msumari, anauzamisha ndani ya ubao kwa chuma chake cha kuzamishia, anaacha tundu, anaondoka kwenda kunywa kahawa. Anayebaki na tundu ni mimi. Naliziba kwa puti, nalisugua kwa msasa, nalipaka rangi, hadi hata aliyepiga msumari hajui aliupiga wapi. Kisha watu wanapita na kusema, "Verlon ana mikono, jamani." Nimesikia hivyo miaka thelathini.

Basi mnaweza kufikiri nilivyojisikia Februari ile, niliposimama kwenye theluji mbele ya maktaba ya mji na kuona puti yangu yote inaanguka.

Verlon alikuwa amebadilisha mbao za ukingo za jengo zima, zile zinazozunguka madirisha na milango na kushuka kwenye pembe. Mimi nilikuja nyuma yake mwezi wa Septemba, nikaziba, nikapaka nyeupe. Kazi ikapendeza. Ilipofika Februari, kila tundu lilikuwa wazi, na chini ya kila dirisha kulikuwa na vipande vya puti juu ya theluji. Maktaba ilionekana kama mtoto aliyeshikwa na tetekuwanga. Dukani, yule mwenye kaunta hakunisalimu, aliniuliza tu, "Bert, ile maktaba yako mbona inang'oka meno?"

Ingekuwa mwaka mwingine ningenuna nikanyamaza. Lakini kiangazi kilichokuwa kinakuja kilikuwa cha kanisa. Kanisa letu la mbao, ambalo mji ndio unalitunza, hupakwa rangi kila baada ya miaka kumi na miwili, na tangu babu wa baba yangu halijapakwa na mtu asiye wa ukoo wetu wa Crowley. Babu alilipaka, baba yangu Asa alilipaka, mimi nimelipaka mara tatu. Sasa kulikuwa na fundi mmoja wa rangi kutoka mji wa Bangor, mwenye gari jipya lenye jina lake ubavuni, aliyekuwa ameiandikia kamati ya majengo barua ya kuomba kazi. Na kamati inapita mbele ya maktaba kila siku kama watu wengine.

Nilihitaji mtu wa kulaumiwa, na Mungu alikuwa amenipa Verlon.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kwa sababu ya chumvi ya baharini, mkataba ulitaka misumari ya chuma kisichoshika kutu. Msumari wa kawaida ukiingia kutu unavimba, na ukivimba unaisukuma puti nje. Puti imetoka, kwa hiyo misumari ni ya kawaida, kwa hiyo Verlon ni mwizi. Sikupanda ngazi kutazama. Nilijiambia ni baridi. Ukweli ni kwamba sikutaka kutazama.

Mkutano wa mji hufanyika Machi, katika ukumbi wa michezo wa shule. Watu wanakuja na ufumaji wao, saa sita wanakula maharage ya kuoka na mkate mweusi, na katikati wanapigia kura kila kitu, kuanzia chumvi ya barabarani hadi kengele. Sheria ni moja: huruhusiwi kumsemesha mtu moja kwa moja. Unamwambia mwenyekiti. Ilipofikiwa hoja ya kanisa nikasimama.

"Mwenyekiti," nikasema, "kabla hatujapigia kura kanisa, mji ujue kwa nini maktaba inatema puti. Verlon Tibbetts aliagizwa misumari isiyoshika kutu, akatupigia takataka. Ametuibia."

Sindano za kufumia zikasimama ukumbi mzima. Verlon akainuka polepole. Ni mrefu, na siku hizi magoti yake yanatangulia kulalamika kabla yake mwenyewe.

"Mwenyekiti," akasema, "muulize Bert kutu iko wapi. Msumari mbovu unalia machozi ya kahawia ubaoni. Nimepita pale leo asubuhi. Sijaona hata chozi moja."

"Mwenyekiti, mwambie Verlon kutu inakuja."

"Mwenyekiti, mwambie Bert hata kiangazi kinakuja."

Watu wakacheka. Damu ikanipanda kichwani. "Mwenyekiti, mwambie Verlon mwizi hana haki ya kuchekesha watu!"

"Mwenyekiti, mwambie Bert kama anajua kuziba, aanzie na mdomo wake."

Mwenyekiti akagonga nyundo yake. "Nyie wawili," akasema, "mimi si posta."

Aliyemaliza kelele ni Thelma Beal, mkuu wa kamati ya majengo. Thelma ana miaka karibu themanini, na alitufundisha hesabu sote wawili, mimi na Verlon, kwa hiyo akisimama sisi tunakaa. Alisema theluji ikiyeyuka, msumari mmoja ung'olewe hadharani, mbele ya yeyote atakayetaka kuja. Atakayeonekana na kosa ataungama kwa sauti mbele za watu, kama walivyoshtakiana mbele za watu. Kanisa lingoje hadi hapo. Wanaokubali wainue mikono.

Na mimi niliinua wangu. Niliuinua juu kuliko wote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, visubi vimetoka vyote, vinauma nyuma ya masikio. Walikuja watu kama arobaini, wengine na vitumbua vyao vya duara mfukoni na kahawa mkononi, kama wanaokuja kuangalia mpira. Thelma alileta sumaku kutoka mlangoni mwa friji yake, ya umbo la kamba mwekundu wa baharini. Msumari wa chuma cha kawaida ungeishika. Ule mzuri usioshika kutu haungeishika.

"Chagua mwenyewe," Verlon akaniambia, mikono mfukoni. "Usije ukasema nilikuchagulia."

Nikachagua ubao wa dirisha la kushoto, ule ulioharibika kuliko yote. Nikachokoa, nikashika kichwa cha msumari kwa koleo, nikavuta. Ulitoka kwa shida. Ulipotoka, ulikuwa unang'aa kama kijiko.

Thelma akauweka juu ya sumaku. Msumari ukateleza, ukaanguka kwenye nyasi.

"Mwingine," nikasema.

Wa pili ukaanguka. Nikang'oa wa tatu, wa nne, wa tano. Yote ilianguka. Hakuna aliyekuwa anatafuna tena. Verlon akainama, akaiokota mmoja mmoja, akaifuta kwenye suruali yake. "Ukishamaliza jengo zima uniambie," akasema, "nilete mingine."

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya Februari kama ningekuwa mtu mwenye akili. Niliingiza ukucha ndani ya tundu. Puti iliyobaki ilitoka kama unga, kavu, haina hata chembe ya mafuta. Nyuma yake ubao ulikuwa mtupu, rangi ya mkate, haujawahi kuguswa na brashi.

Nilijua papo hapo. Mbao zile zilikuja kutoka kiwandani zimeshapakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulizia, pande zote, na mtu asiyejua anadhani kazi imekwisha. Lakini msumari unapozama unaipasua ile praima, na ndani ya tundu mbao inabaki uchi na ina kiu. Ukiweka puti hapo, mbao inanywa mafuta yote ya puti, puti inakauka, inasinyaa, na baridi ya kwanza inaitupa nje. Kwa hiyo unachukua brashi ndogo, unapita tundu kwa tundu, unalinywesha kila moja praima, unangoja hadi kesho yake, ndipo unaziba. Baba yangu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa hanipi puti hadi aone ncha ya brashi yangu imelowa.

Septemba ile Verlon alinikabidhi jengo wiki tatu baada ya siku tuliyopatana, na jalidi, ile baridi ya kugandisha, ilikuwa mlangoni. Nilimlaani, nikatazama zile mbao nyeupe za kiwandani, nikajiambia zimeshanyweshwa, na ndani ya tundu nani ataona. Niliokoa siku mbili. Mbili tu, na bado sikuona aibu kumwita mtu mwizi.

"Roberta?" Thelma akaniita kwa jina langu kamili, kwa sauti ile ile ya ubaoni darasani.

"Misumari ni mizuri," nikasema.

Verlon akaweka kiganja sikioni. "Sijasikia. Visubi vinapiga kelele."

"Misumari ni mizuri!"

"Na matundu?"

"Sikuyanywesha. Kosa ni langu."

"Na mwizi ni nani?"

"Hakuna mwizi."

Akageuka kwa watu. "Mwenyekiti hayupo leo," akasema, "lakini kuna mtu anaweza kumwambia Bert ataje jina?"

"Verlon Tibbetts si mwizi," nikasema, na kila neno lilitoka kwa shida kama ile misumari. Masikio yaliniwaka moto, na visubi havikuhusika. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na haki.

Thelma akairudisha sumaku kwenye mkoba wake. "Basi tutamwandikia yule wa Bangor," akasema.

Niliutazama ule mnara wa kanisa ng'ambo ya barabara, nikamfikiria mgeni na ngazi yake ya aluminiamu akipanda pale alipopanda baba.

"Hapana," Verlon akasema. "Mpeni Bert."

Watu wote wakamgeukia. Mimi nami, kwa muda mfupi wa kijinga, nikadhani mtu huyu ana roho.

"Yule wa Bangor simjui," akasema. "Atakosea kwa njia zake, na mimi nitakuwa nazitafuta hadi nife. Huyu najua anakosea wapi. Na mwaka huu hathubutu. Nitamfuata na penseli. Tundu ambalo sijalichorea duara, haligusi kwa puti."

Kamati ikakubaliana palepale nyasini. Mimi kwanza nizibe upya maktaba yote, na kanisani Verlon awe mkaguzi wangu. Ningekuwa na jeuri kidogo zaidi ningekataa. Nilikubali, maana kanisa lile ni la baba.

Basi kiangazi kizima nilifanya kazi chini ya penseli ya Verlon Tibbetts. Alikuwa anabadilisha mbao zilizooza, mimi nanywesha matundu nyuma yake, kesho yake yeye anarudi kukagua. Alikuja na tochi. Jua la Julai linawaka, na yeye anamulika matundu kwa tochi, na wanaopita barabarani wanapunguza mwendo wa magari ili wacheke vizuri.

"Hili limekunywa?"

"Limekunywa hadi limelewa."

"Mbona linanitazama kwa kiu?"

"Wewe ndiye mwenye kiu. Nenda kwenye kahawa yako, mzee."

"Mzee nani? Tumezaliwa mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja, lakini mimi sijaoza."

Dukani nako hakukuwa na amani; matundu yangu waliyageuza watoto wachanga. "Bert, leo umenywesha wangapi?" "Bert, wanalala usiku, au wanakuamsha?" Nilinunua chumvi yangu na maziwa yangu nikatoka bila chenji.

Nilikuwa na kisasi kimoja. Mara chache, msumari wa Verlon haukuzama sawasawa, na kichwa kilitokeza kidogo juu ya ubao. Kazi ya kuzamisha ni ya seremala, mimi siigusi. Kwa hiyo nilikuwa namwita kutoka juu ya ngazi, "Verlon! Njoo uone kichwa chako!" Na yeye, na magoti yale, ilimbidi apande. Siku moja niliviona vichwa vitatu kwa wakati mmoja, vimekaribiana. Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu alifika juu anahema, akanitazama, akasema, "Hivi vingine ulikuwa huvioni?"

"Macho yamechoka," nikasema. "Labda niazime tochi yako."

Agosti tukafika mnarani. Chini ya madirisha ya kengele, upande wa baharini, kuna ubao mpana unaopokea mvua yote. Miaka yote tuliupaka bila kuung'oa. Sasa ukingo wake wa chini ulikuwa laini kama keki. Verlon akauondoa kwa mtaimbo, tukaushusha kwa kamba, tukaulaza kwenye nyasi kifudifudi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya penseli.

Hii ni desturi yetu ya zamani. Seremala akiweka ubao wa mnara anaandika nyuma yake, na fundi wa rangi naye anaandika, kila mtu anachotaka, kisha ubao unapigiliwa na hausomwi tena hadi uoze. Na hakuna anayefuta neno la mwenzake. Baba yangu aliniambia habari hiyo, lakini yeye mwenyewe hakupata kuuona ubao ule kwa nyuma.

Mwandiko wa juu ulikuwa mnene, wa seremala. *L. Tibbetts kaweka ubao huu Agosti 1931. Crowley kachelewa siku nne, na alikuja amelewa.*

Chini yake, kwa herufi nyembamba za kulalia upande mmoja, *Mwongo. E. Crowley.*

L. alikuwa babu yake Verlon. E. alikuwa babu yangu. Verlon akacheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba hatupendani. Lakini nilipokwenda kukunja kamba sikuwa nacheka tena. Kila aliyewahi kumjua babu yangu alijua ni nani mwongo kati ya wale wawili. Bibi alikuwa anamfungia nje wakati wa baridi. Mtu huyo alipanda mnarani na penseli, akapewa nafasi ya kusema neno moja litakaloishi kuliko yeye, na neno alilochagua lilikuwa uongo.

Ubao mpya niliutengeneza kama ninautengenezea mfalme. Praima mbele, praima nyuma, kwenye kingo, na kwenye ncha mbili mara mbili mbili, maana maji huingilia nchani. Niliulaza nyuma ya kanisa juu ya meza mbili za kazi ukauke, nikaenda kumalizia madirisha. Siku ya pili yake saa sita, Verlon alipokuwa amekwenda kwake kula, nikaja kuutazama kama umekauka.

Ulikuwa umekauka vizuri. Na Verlon alikuwa ameshaandika mgongoni mwake.

*V. Tibbetts. Agosti. Kwenye maktaba R. Crowley aliruka matundu 412, kisha akaniita mwizi mbele ya mji. Nilikuwa si mwizi. Ya hapa kayanywesha yote. Nimehesabu.*

Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Nilikasirika, sisemi uongo. Miaka arobaini nimepaka mji huu. Shule, zahanati, nyumba ya zimamoto, nyumba ya huyo huyo Verlon mwaka mkewe alipofariki. Hakuna hata moja iliyoandikwa mahali. Na mtu atakayeugeuza ubao huu, mtu ambaye hata bibi yake hajazaliwa bado, atajua jambo moja tu kuhusu Roberta Crowley, nalo ni hilo.

Kopo la praima lilikuwa palepale mezani, na brashi ndani yake. Mipigo mitatu ingetosha. Tena ningekuwa na la kujitetea, maana mgongo wa ubao haudhuriki kwa kupakwa mara ya pili, baba angenisifu. Verlon angejua, ndiyo, na angepiga kelele, lakini angeandika upya mara ngapi? Nilichukua brashi. Nikaichovya, nikaikung'uta ukingoni mwa kopo, nikaipeleka juu ya neno *aliruka*.

Tone moja likaanguka kando, mbali na maandishi. Nikaona ule mwandiko mwembamba wa babu akilini, unavyolalia upande, ulivyokuwa mwepesi. *Mwongo.* Alikuwa ameandika haraka, nadhani. Mtu anayesema uongo hana haja ya kukaa juu ya ngazi akifikiri.

Nikairudisha brashi. Penseli ya Verlon ilikuwa imelazwa mezani, imechongwa vizuri, na Verlon si mtu wa kusahau penseli. Nikaichukua, na chini ya maneno yake nikaandika:

*Kweli. R. Crowley.*

Mkono ulikuwa mzito kwa herufi zile chache. Nilitaka kuongeza. Nilitaka kuandika habari za wiki tatu alizochelewa, habari za jalidi, habari za vile vichwa vitatu vilivyotokeza. Nafasi ilikuwepo. Niliiacha tupu.

Verlon alirudi anatafuna bado. Akainama juu ya ubao, na taya lake likasimama.

"Mwandiko mbaya," akasema baadaye.

"Nilifundishwa na Thelma kama wewe."

"Thelma alifundisha hesabu."

"Ndiyo maana."

Tukaufunga ubao kwa kamba, tukaupandisha, akaupigilia kwa misumari kumi na miwili. Aliizamisha yote sawasawa. Nilipitisha kidole juu ya kila mmoja, polepole, nikitafuta hata kichwa kimoja cha kumwitia, na nilikasirika kwamba sikukipata.

Jioni ile nikayanywesha matundu. La mwisho nililinywesha mara mbili. Asubuhi nilipopanda na kopo la puti, alikuwa chini ya ngazi, tochi mkononi, penseli nyuma ya sikio.

"Yamekunywa?" akauliza.

"Panda uone."

Alitazama juu kwa muda. "Magoti," akasema, akaiweka tochi mfukoni, akaenda kupakia mbao zake kwenye gari. Hapakuwa na duara hata moja kwenye ubao ule.

Nikachota puti kwa kisu. Nilijua ninachofanya. Tundu likizibwa ovyo, maji yataingia, ubao utaoza kwa miaka kumi, na maneno yataoza nao. Likizibwa sawasawa, yatadumu miaka mia. Nilijaza kila tundu, nikaacha puti itokeze kidogo kwa sababu ikikauka inasinyaa, nikangoja, nikaisugua kwa msasa hadi kidole hakihisi kitu, nikapaka praima juu, kisha rangi mara mbili. Matundu yale kumi na mawili niliyaziba vizuri kuliko yote niliyowahi kuziba.